Spika kubwa sebuleni, mama watoto hazitaki. Nyie wenzangu mnaishije na hili?

Kimara_Stereo

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, na wenye ndoa ndo wanijibu kwanza maana hili jambo limenikaa kichwani mwezi wa pili sasa.

Mi napenda mziki toka mdogo, na siyo kuweka tu usikike wakati watu wanafua, hapana, napenda kukaa chini nikasikiliza, nisikie gitaa la solo liko kushoto, la ridhim liko kulia, mwimbaji yuko katikati kama amesimama pale mbele ya TV. Miaka yote nimevumilia visabufa vya bei rahisi mpaka mwaka jana mwishoni nikapata spika za Technics za njia tatu, wufa (ile spika kubwa ya besi) inchi 12, boksi za mbao, zilizokuja na kontena la mitumba, na amplifaya ya Sansui ya miaka ya 80 ambayo fundi aliibadilisha kapasita. Aisee. Siku ya kwanza nikaweka rumba moja la zamani ambalo nimelisikia kwenye redio maisha yangu yote, nikasikia kumbe nyuma kule kuna mtu anapiga manyanga. Miaka thelathini na kitu sijawahi kumsikia yule mtu.

Sasa tatizo. Tumepanga nyumba, sebule ni kama mita 5 kwa 4, taili chini, jipsam juu, madirisha ya alumini. Mke wangu toka tunaoana anaongelea kochi la L la kutengenezesha Keko, na pale ambapo kochi lingekaa ndo spika zimekaa, kila moja inanifika kiunoni. Nikiwa kazini anazisukuma mpaka kwenye kona, kazivalisha vitambaa vya kufuma na juu ya moja kaweka chombo cha maua chenye maji kabisa. Mtoto ana mwaka na miezi miwili, chumba chake kinapakana na sebule, analala saa mbili usiku na mi narudi saa mbili na nusu. Hata nikiweka chini kabisa waifu anasema huko chumbani mziki hausikiki ila kifua kinagongwa.

Juzi mtoto kasimama kwa kushikilia spika, akatumbukiza kidole kwenye kile kikofia cha katikati cha wufa kikabonyea ndani. Nilifoka. Mtoto akalia, mama yake akamchukua akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "boksi lako lina thamani kuliko huyu?" Toka siku hiyo sijawasha.

Na niseme ukweli maana nataka ushauri wa kweli. Bei nilimwambia laki tatu. Ilikuwa laki nane na nusu, bila amplifaya.

Yeye anataka niuze niweke saundiba chini ya TV kama watu wengine. Mi sitaki kuuza lakini pia sitaki kuishi kwenye nyumba ambayo mtu akipita anaangalia pembeni. Wenzangu mmefanyaje?

Njia_Panda

Uza mkuu. Saundiba nzuri unapata, sebule inapendeza, mama anafurahi, mtoto hana cha kubonyeza. Amani ya nyumba haina bei.

Fundi_Boksi

Mkuu pole. Mi nafunga mziki kwenye kumbi na makanisa hapa Mwanza mwaka wa 14 huu na boksi natengeneza mwenyewe, kwahiyo ntakujibu upande wa sauti, ya ndoa nawaachia wengine.

Kwanza kikofia. Usitumie sindano, utatoboa. Chukua maskingitepu, bandika pale palipobonyea bila kusukuma, halafu vuta taratibu kuja kwako, rudia mara tatu nne. Ikigoma tafuta vakyumu klina, mdomo wa bomba uzibe na soksi nyepesi, iweke nguvu ndogo, utasikia "pok" kimerudi. Kikofia kubonyea hakuui spika. Cha kuangalia ni koni, ile sehemu pana inayotetemeka, iguse kwa vidole pande mbili isukume ndani kidogo sana, kama haikwaruzi basi koili, ule waya wa nyuma unaoisukuma, iko salama kabisa. Ila twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, usiiguse na usije ukajaribu hiyo ya tepu kwenye twita, pale ni pembamba mno.

Sasa hizo kona. Spika ikikaa kwenye kona, ukuta wa nyuma na wa pembeni na sakafu vyote vinairudisha besi mbele, na kila upande unaweza kukuongezea mpaka desibeli 6 kwenye zile sauti za chini kabisa. Mama watoto alizisukuma kule zisimsumbue, bila kujua akazidisha kile kile kinachomsumbua. Besi ya Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa mita 8 na ushee, ni refu kuliko sebule yako, tofali la inchi 6 halina la kulifanya, linapita linaenda chumbani. Sauti ya mwimbaji ukuta unaizuia, besi haizuiliki, ndo maana anakwambia mziki hausikiki ila kifua kinagongwa. Anasema kweli, tena kakueleza vizuri kuliko wateja wangu wengi wanavyoeleza. Zitoe kwenye kona, ziwe kama nusu mita toka ukuta wa nyuma, na toka ukuta wa pembeni ziwe mbali kidogo zaidi ya hapo, halafu niambie chumbani kukoje.

La tatu, na hili nataka ulisome mara mbili. Simama katikati ya hiyo sebule piga kofi moja kali. Utasikia kama bati linalia kwa mbali, triiing. Huo ni taili, jipsam, plasta na vioo vinarushiana sauti. Spika hata iwe ya milioni kumi humo ndani italia makelele tu. Sasa dawa yake ni nini? Ni kochi kubwa la kitambaa, zulia nene mbele ya spika na mapazia mazito mpaka chini. Hilo kochi la Keko analolitaka mkeo ndo nusu ya mziki wako ambayo hujainunua! Wewe unaona anakuharibia sebule, mi naona anakumalizia kazi. Mwambie achukue la kitambaa, siyo la ngozi, ngozi inarudisha sauti. Usije ukaniambia tu kwamba mapazia yatamaliza besi, hapana, besi haijali pazia, hiyo inatatuliwa na mahali unapoziweka.

Na kochi lisigande ukutani kabisa, kichwa kikiwa kimeegemea ukuta unasikia besi nyingi kuliko iliyopo. Liache hata sentimita 40.

Usiku: masikio ya binadamu sauti ikiwa ndogo yanapoteza besi kwanza, watafiti wawili wa Bell Labs kule Marekani, Fletcher na Munson, walilipima hili mwaka 1933. Ndo maana ukiweka chini mziki unakuwa kama umekufa na mkono unakuwasha kuongeza. Sansui yako itakuwa na swichi ya laudnesi, iwashe usiku, kazi yake ndo hiyo hiyo, inarudishia besi kidogo kwenye volyumu ndogo. Halafu sogea karibu. Kaa mita moja na nusu toka kwenye spika badala ya mita nne, utasikia kila kitu kwenye sauti ambayo mtoto hata hageuki.

La mwisho nisisahau, zima amplifaya ukimaliza. Za zamani hizo hata zikiwa kimya zinakula. Yangu niliipima ikala wati 45 bila kupiga chochote, ukiiacha hivyo usiku na mchana ni kama uniti moja ya LUKU kila siku. Mama akiona uniti zinaisha atajua ni nani.

Binti_Tanga

Kaka Kimara, mi ni mke wa mtu wa hivyo hivyo, nimeolewa mwaka wa tisa huu, kwahiyo nikujibu toka upande ule mwingine na usinichukie.

Kochi, besi, vitambaa, hayo Fundi kakueleza na mi mwenyewe nimejifunza. Lakini wewe umeiweka bei mwisho kabisa wa maelezo yako na mi nilipofika pale ndo nikaona ugonjwa uko wapi.

Bei ya spika za mume wangu mi niliijua msibani. Shemeji yangu alikuwa anamsifia kaka yake mbele ya mawifi, "kaka huyu ana mziki wa milioni moja na laki mbili pale ndani," na mi nimekaa na sahani ya pilau mkononi nimeambiwa laki nne. Nilicheka na wenzangu. Mwezi ule ule nilikuwa nimemuomba elfu sabini cherehani yangu ipelekwe kwa fundi akaniambia mwezi umekaa vibaya. Sikumwambia kitu siku hiyo wala wiki hiyo. Ila toka hapo ule mziki kila ukilia nilikuwa nasikia cherehani yangu. Akiweka chini nasema unapiga kelele, akizima nasema limeziba dirisha. Mume wangu akaja huku mitandaoni kuuliza spika ndogo ni ipi nzuri! Wakati kungekuwa na boksi la kiberiti ningeligombeza vile vile.

Na mkeo bei anaijua au anaihisi. Mwanamke anayefuta vumbi kitu kila siku anajua uzito wake.

La pili ni namna mnavyosikiliza. Mume wangu alikuwa na kiti kimoja, katikati kabisa, amepima na futi. Anafunga macho. Mi nikipita mbele kwenda jikoni anakunja uso. Nikikaa pembeni kwenye stuli nasikia spika moja tu, ile ya karibu, kwahiyo hata nikitaka kupenda naupendea wapi? Mchezo wenyewe umejengwa kwa mtu mmoja. Nilikuwa nabaki jikoni namenya vitunguu swaumu vya kesho.

Kilichobadilisha ni kitu kidogo. Siku moja umeme ulikatika ukarudi saa tatu usiku, watoto wamelala, akaniuliza, mama yako alikuwa anapenda nini? Mama yangu alikuwa na kaseti ya taarab ya kwetu Tanga, ile ya zamani ya magitaa, akiisikiliza anakuna nazi. Akaitafuta akaipata, akanyanyuka kwenye kile kiti akasema kaa hapa. Mi nimeusikia ule wimbo maisha yangu yote kwenye redio kaseti yenye spika moja iliyopasuka. Pale kwenye kiti nikamsikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuingia beti. Anavuta pumzi kama mama alivyokuwa anavuta akitaka kuinuka kwenye mbuzi. Nikamwambia rudisha. Akarudisha mara nne. Hakusema neno hata moja kuhusu spika na namshukuru mpaka leo kwa hilo, maana angeanza kunieleza mambo ya twita pale ningeondoka.

Kiti sasa hivi ni benchi la watu wawili. Cherehani ilitengenezwa.

Kwahiyo kaka, bei mwambie leo. Usisubiri siku nzuri, siku nzuri ya kusema kitu hicho haipo. Mwambie kiasi, mwambie ulimdanganya, usiweke "lakini". Na mtoto umuombe radhi mbele ya mama yake hata kama haelewi, mama yake anaelewa.

Mtu_wa_Ruwi

Salaam aleikum ndugu zangu. Mi niko Muscat, mtaa wa Ruwi, flati ya ghorofa ya tatu, juu Wahindi chini Wamisri, ukikohoa wanajua. Nitaeleza la hedifoni maana najua kuna mtu atakushauri.

Nilinunua Sennheiser HD 600, modeli ya zamani, imetoka 1997 na mpaka leo watu wanaisifia na mi naisifia. Nikasema ugomvi umekwisha, mimi na mziki wangu hakuna anayesumbuka. Kwa majirani umekwisha kweli. Kwa mke wangu ndo ulianza. Akanambia, wakati ule wa spika nilikuwa nakasirika lakini tulikuwa pamoja, sasa hivi umenihama na huku umekaa. Naongea na wewe mpaka nipunge mkono kama niko bandarini namuaga mtu. Ikaniuma kwa sababu nilidhani namfanyia ihsani.

Tulivyokubaliana: hedifoni Jumapili na Jumanne usiku baada ya Isha, siku hizo na yeye ana simu zake na dada zake Unguja, saa nzima wanacheka, simkati na hanikati. Siku zingine spika, sauti ya kawaida, na nusu ya nyimbo anachagua yeye. Zile hedifoni ni za mgongo wazi, kwahiyo siku hizi nikiweka sauti ndogo, hata nikivaa nikiitwa nasikia, za kuziba kabisa sizipendi nyumbani kwenye watoto. Na usiongeze sana, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 usizidishe saa 40 kwa wiki, masikio hayana spea.

Wapenzi wa hi-fi wa Marekani toka miaka ya 80 wana kipimo chao wanakitumia wakiongelea spika, kwamba hii mke ataikubali na hii hataikubali, na magazeti yao yanaandika hivyo hivyo. Mi zamani nilikuwa nakitumia. Nimeacha.

Binti_Tanga

Heri umeacha kaka yangu. Sisi siyo kituo cha ukaguzi. Mke ana masikio kama wewe, na mara nyingi yake ni mazima kuliko yako.

Kimara_Stereo

Nimesoma yote, nimesoma ya dada Binti Tanga mara tatu nikiwa kwenye mwendokasi. Ntarudi. Fundi kofi nimepiga, ni kweli inalia triiing, sijui nilikuwaje sijawahi kuisikia.

Zee_la_Santuri

Vijana nimewafurahia, na mimi niongeze kidogo. Sisi tuliokua miaka ya 60 na 70, mwenye uwezo sebuleni alikuwa na radiogramu. Ni kabati la mbao lenye miguu minne, redio upande mmoja, upande wa pili unafunua mfuniko unakuta sehemu ya santuri, spika zimefichwa mbele nyuma ya kitambaa kilichofumwa vizuri. Mama alikuwa analipiga polishi kama anavyopiga meza. Juu yake picha za harusi, saa ya mezani, na kitambaa cha kufuma kikiwa pale juu, siyo mbele ya spika. Sikuwahi kumsikia mama yangu akililalamikia, na baba alikuwa analipiga kila Jumamosi jioni, santuri za mizunguko 45, nyingi zimechapwa Nairobi maana hapa kwetu bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, lakini kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Ukitoka safari ya Nairobi zawadi ni santuri.

Ninachotaka kusema, lile lilikuwa samani. Liliingia nyumbani kama kabati linavyoingia, wote wawili walikwenda kulichagua. Hizi za siku hizi zinakuja usiku kwenye bajaji zimefungwa blanketi. Kijana wa Kimara, hizo spika zako ni mbao. Mbao inasafishwa, inapigwa msasa, inapakwa vanishi rangi moja na meza na hilo kochi. Na mbele tengenezea fremu ya kitambaa, mtoto asifike kwenye koni. Mafundi wa Keko hao hao watakaotengeneza kochi, wape na hiyo kazi.

Njia_Panda

Mi bado nasema uza ila nimeelewa.

Kimara_Stereo

Wakuu nimerudi, ni wiki ya tatu sasa, samahanini kwa kimya.

Bei nilimwambia usiku ule ule. Sikusubiri. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, nikasema ni laki nane na nusu, na amplifaya laki mbili na nusu juu, nilikudanganya. Akaendelea kukunja. Akamaliza zote, akazipanga, akaniambia "nilijua siyo tatu, risiti ya bodaboda peke yake ilikuwa elfu ishirini." Akaenda kulala. Siku mbili hatukuongea zaidi ya chakula kiko tayari. Siku ya tatu akaja na daftari, kaandika vitu vitano ambavyo mwaka jana nilimwambia hela hakuna. Kimoja ni ada ya kozi yake ya upishi wa keki. Sikuwa na la kujibu. Tumekubaliana kwamba kitu chochote kuanzia laki moja tunakaa mezani kwanza, changu au chake, na kozi naanza kulipa mwezi huu.

Mtoto nilimuomba radhi. Alinishika pua.

Ya sauti sasa. Fundi, kikofia kilirudi kwa maskingitepu mara ya pili tu, kuna kikunjo kidogo kama ukucha kimebaki lakini koni haikwaruzi. Nimezitoa kwenye kona, nusu mita toka ukutani kama ulivyosema, halafu nikamwambia mke wangu aingie chumba cha mtoto afunge mlango mi nipige. Akatoka akasema "bado kidogo." Nikasogeza tena sentimita kama kumi mbele. Akaingia tena. Tulifanya hivyo mara sita wakuu, yeye ndo anapima. Mwisho akasema "hapo," na alikuwa sahihi, hata mimi sebuleni besi ilikuwa imekaa sawa, gitaa la besi linasikika noti moja moja badala ya ule mngurumo. Chini kwenye taili tumeweka vipande vya tepu kuonyesha miguu ya spika inakaa wapi. Tukiwa na wageni zinarudi ukutani, tukisikiliza zinakuja kwenye tepu, nimezibandikia vipande vya kapeti chini zinateleza bila kukwaruza. Saa mbili usiku kwenda mbele ni laudnesi na kusogea karibu, nakaa chini kwenye zulia kabisa, na mtoto hajaamka hata mara moja.

Kochi lipo kwa fundi, la kitambaa. Nilimsomea ule ujumbe wa Fundi Boksi kwamba kochi ni nusu ya mziki, akasema nitumie hiyo namba ya fundi nimshukuru. Maua yamehamia kwenye meza ya TV.

Alichagua nyimbo Jumapili iliyopita. Kwaya. Mi kwaya sikuwahi kuiweka kwenye hizi spika hata siku moja, sijui kwanini, na nakwambieni sauti nne za kwaya kwenye chumba kilichotulia ni kitu kingine kabisa, ukifunga macho unaweza kuhesabu safu. Yeye alikuwa anaimba soprano kabla hatujaoana. Akawa ananionyesha kwa kidole, hawa alto, hawa tena, huyu mmoja kachelewa kuingia.

Swali lililobaki ni moja. Zee la Santuri ule ushauri wa fremu tumeupenda wote wawili, fremu mbili za mbao ziko tayari. Mke wangu anataka tuvalishe kitenge kifanane na mito ya kochi. Kitenge kinafaa?

Fundi_Boksi

Hongereni sana, na hiyo ya mke kuingia chumbani kupima ntawafundisha wateja wangu.

Kitenge hapana mkuu, kimefumwa kikabana na kina nta, kitakula sauti za twita zote, manyanga yako utayasahau. Kipimo ni rahisi: kitambaa chochote kiweke mdomoni kwa kukibana, puliza. Pumzi ikipita bila kusukumana na wewe kinafaa, ikigoma achana nacho. Rangi yoyote, ua lolote, mradi pumzi inapita. Na kivutwe vizuri kwenye fremu kisije kikalegea kikaanza kutetemeka.

Kimara_Stereo

Tumetoka Kariakoo sasa hivi. Tumepuliza vitambaa kama kumi na moja, mke wangu anapuliza mwanzo, akikubali ananipa mi nahakikisha. Muuzaji wa duka la kwanza alituambia tukishapuliza tununue, ikabidi tuhame. Duka la tatu tumepata kimoja cha wavu mwembamba, rangi kama kahawa yenye maziwa, kina mistari midogo ya dhahabu ambayo ndo imemfurahisha. Mita mbili elfu kumi na nne, kalipa yeye. Kitenge kinabaki cha mito. Fremu tunavalisha Jumamosi mtoto akilala, nikipata mwanga mzuri ntaweka picha.

Zee_la_Santuri

Mstari uende wima. Ukilala, spika inaonekana fupi.

Kimara_Stereo

Nimemwambia. Anasema alishaamua wima toka dukani.